Usizime Mashini

Salamabila, 27 Agosti 2023

Régina bibi yangu,

Nakusalimia wewe na mutoto, pamoja na mama yako, Mama Odile, mwenye kuwatunza. Nilifika salama. Njia ilikuwa mbaya tu pale Wamaza. Pikipiki ya Abdoul ilizama ndani ya matope mpaka kiti, tukaivuta wote wawili kama watu wanaamsha mulevi.

Telefone yangu ilianguka ndani ya maji. Hata isingeanguka, nguzo ya rezo, ya mutandao wa huku, ilikufa mbele sijafika. Basi tutaandikiana kwa karatasi. Abdoul anapita huku na kule na bidhaa za watu. Umupe barua yeye mwenyewe, mukononi.

Sasa mashini, ile kompyuta yenye nilikuachia. Siku ya kuondoka nilikueleza mbiombio, mutoto analia, sijui ulisikia nini. Sikiliza tena. Zile sarafu za rezo zenye nililipwa Kindu, wakati nilikuwa nikimuandikia yule mugeni karatasi zake, haziko mukononi mwa mutu. Ziko ndani ya ile portefeye, pochi ya sarafu ya mashini. Ni sarafu ndogo, si ile yenye dunia nzima inataja, lakini ni jasho langu. Portefeye haiwezi kufunguka mpaka isome kwanza hesabu ya watu wote wenye kutumia sarafu ile, tangu mwaka wa kwanza mpaka leo. Hesabu hiyo inaipata kwa mashini za watu wengine, mbali, kupitia rezo. Ikishikana nao inaandika "muunganisho" na wako wangapi. Ikifika mia kwa mia inafunguka, na mimi nakuja kukutosha, kukutoa nje ya uzazi kwa mama yako, na mbuzi na vikwembe vya kukuvalisha, mbele ya watu, kama bwana mwenye haya zake.

Mambo mawili tu. Usizime mashini. Hata ukichoka nayo, usizime. Na juu ya kila barua uninakilie vile kona ya chini ya mashini inaonyesha, vilevile, bila kusahihisha. Nakujua: ukiona kosa, mukono unakuwasha.

Jina la mutoto silitumi kwa pikipiki. Baba analileta mwenyewe, analinong'ona ndani ya sikio. Nitakuja nalo.

Bwana yako,
Christophe


Kasongo, 6 Septemba 2023
Muunganisho 3. Imesoma 41 kwa mia.

Baba Mutoto,

Nakuita hivyo juu jina la mutoto umekwenda nalo. Wenzangu wanaitwa Mama fulani, Mama fulani. Mimi ni Mama Mutoto, kama vile watoto wote wa Kasongo ni wangu.

Tuko wazima. Uliniachia watoto wawili, mumoja nilimuzaa. Yule anakunywa ziwa, huyu wako anakunywa mega za rezo. Tena yule akishiba analala. Pano ya umeme wa jua ni moja tu, na muchana kutwa nachagua: nilishe mashini ao nilishe taa ao nilishe telefone. Rezo haiingii chini ya mabati, kwa hiyo mama aliweka telefone yangu, yenye kuigawia mashini rezo, ndani ya kikapu, akaifunga ku mwanzi, akausimamisha juu ya nyumba. Nikitaka kuongeza mega nashusha kikapu, nikimaliza napandisha. Majirani wanauliza, "Régina, unakausha samaki gani huko juu?" Nikawajibu navua pesa. Walicheka mpaka mumoja akakaa chini.

Mama anasema: "Bwana yako amekuletea muke mwenza wa chuma, na anakula kukupita." Usikasirike, unamujua mama. Kila asubuhi yeye ndiye anapanguza pano na kitambaa chake cha kanisa.

Mutoto ana nguvu. Akishika nywele zako unalipa ndipo anaachia. Bibi yake anamuita Kabibi. Watoto wa jirani wanamuita Mega. Ufanye haraka mbele jina hilo halijamushika.

Mimi nachoka, Christophe. Nalala nikiwa nimekaa. Muzazi asiyetoshwa hapiti uzio, unajua. Basi naangalia barabara kupitia mianzi, na miguu ya watu tu ndiyo naiona. Nimeanza kuwajua watu kwa viatu.

Njoo na viatu vyako.

Régina


Kasongo, 2 Januari 2012
Muunganisho 0. Imesoma 47 kwa mia.

Baba Mutoto,

Mimi sikuzima. Mvua ilianza, ikakataa kuacha, pano haikutoa kitu. Mashini ilikufa yenyewe. Jua lilirudi, nikaiwasha, ikaamka vizuri, halafu zero. Inaandika inatafuta, inatafuta, halafu inanyamaza. Niliongeza mega. Mama aliongeza mwanzi. Kikapu kiko juu kupita muti wa papai wa jirani. Zero.

Nalala ku kitanda changu cha zamani, kile nilikuwa nalala na dada Cécilia wakati wa shule. Kuna asubuhi naamka sikumbuki kama nilizaa, mpaka maziwa yanikumbushe.

Mujomba Iliasi alipita Ijumaa akitoka musikitini. Akasimama mulangoni, akauliza: "Huyu binti yetu, ni muzazi ao ni mugeni?" Mama alimupa kiti.

Uniandikie nifanye nini na hii zero. Mutoto anaita.

Régina


Salamabila, 25 Septemba 2023

Régina,

Barua yako imefika, imelowana pembeni, lakini tarehe haikulowana. Niliisoma mara ya kwanza nimesimama. Mara ya pili nikakaa.

2012. Nimeelewa. Mwaka ule ulikuwa unavaa jipi ya buluu, sketi ya shule ya masista, hujajua bado kama kuna mutu anaitwa Christophe. Chini yake ukaandika muunganisho zero. Halafu ukanieleza umerudi ku kitanda cha ubinti, na unaamka bila kukumbuka ulizaa. Huko kwenu munajua kusema bila kusema.

Kama umerudi kuwa binti ya Mama Odile, uniambie wazi. Usinitumie mwaka. Ao ni Mujomba Iliasi amekuandikisha? Umwambie mimi sikukimbia. Niko ndani ya shimo la dhahabu tangu asubuhi, mawe yanaanza kuonyesha rangi, bado kidogo tu. Watu wananiheshimu huku. Nakula vizuri.

Sina mengine. Abdoul ananiangalia naandika, anaona aibu kwa ajili yangu.

Lakini usizime mashini.

Yule hujamujua bado,
Christophe


Kasongo, 4 Oktoba 2023
Muunganisho 0. Imesoma 47 kwa mia. Mashini inasema ni 2012, mimi nasema ni leo.

Christophe,

Nilicheka mpaka mutoto akaachia ziwa. Halafu nikalia kidogo. Halafu nikafua vitambaa vyake.

Wewe mutu! Si wewe uliniambia ninakili kona bila kusahihisha? Nilinakili. Niliona 2012, mukono ukaniwasha kweli, nikauzuia, nikasema bwana alikataza. Tena nikafikiri ni pale imefika kusoma. Si ulisema inasoma tangu mwaka wa kwanza? Nikasema moyoni, masikini, iko bado 2012, njia yake ni ndefu kupita yangu. Hata niliihurumia. Nikaandika hiyo 2012 pale juu ya barua, wewe ukasimama nayo, ukakaa nayo, ukanivalisha jipi ya shule.

Siku nitataka kukuacha nitaandika "nakuacha". Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari, neno hilo halinishindi.

Sasa nikuambie yenye mimi nilikuficha. Nilitoka. Zero ilikuwa inanila kichwa, nikaona labda rezo ya hapa kwetu ni chovu. Mutoto mugongoni, mashini na telefone tumboni ndani ya kitenge, nikapita uzio. Nilikwenda mpaka kwa Roger, yule anatengeneza matelefone karibu na nguzo ya rezo. Lazima upitie soko. Kule kwa wauza samaki mumoja akaita: "Ee Régina! Bwana amekutosha lini? Hatukula mbuzi!" Mwenzake akajibu: "Si bwana. Ametoshwa na mashini." Soko nzima ikacheka. Na mimi ningecheka kama ingekuwa mutu mwingine.

Roger alibadilisha karte ya telefone, akangoja, akakuna kichwa. Akasema: "Mama, rezo ni nzima, imejaa. Hii mashini inapiga hodi, wenzake wanaikataa. Sijui iliwakosea nini." Nikarudi na zero yangu.

Mbele sijafika nyumbani mujomba alikuwa amekwisha kusikia. Alikuja, hakukaa. Alisema muzazi mwenye kujitosha mwenyewe hana bwana. Ameita wazee wa ukoo Jumapili tarehe 5 Novemba. Usipokuja mbele ya siku ile, wananipokea kama binti mwenye kurudi, na yeye mwenyewe atainama kumunong'oneza mutoto jina. Alishachagua. Hakuniambia ni gani, na sikumuuliza, juu ningeuliza ingekuwa kama nimekubali.

Haya. Na wewe? Abdoul alikunywa chai hapa. Mama alimuongezea sukari, akamuongezea maswali. Telefone yako haiko ndani ya maji, iko mukononi mwa mutu anauzisha maharagi. Maji yako ndani ya shimo lenu. Hilo shimo lenye "linaonyesha rangi" ni bwawa la vyura. Na wewe unabeba bidoni za maji za mama mupishi, unalala nyuma ya jiko lake.

Sikukasirika juu ya bidoni. Mutu akibeba maji, watu wanakunywa. Nimekasirika juu ulifikiri nitakupimia humo.

Kula. Kweli kula, si kwa barua.

Régina


Salamabila, 13 Oktoba 2023

Régina wangu,

Ni kweli yote. Shimo lilijaa tangu wiki ya kwanza, wenzangu wakatawanyika. Telefone niliuza nipate kula. Sikutaka Mama Odile ajue kama mukwe wake anabebea watu maji. Unisamehe na ile jipi ya buluu. Mutu mwenye haya anasoma matusi hata ku ukuta mutupu.

Lakini sikiliza, nimeipata! Niliruka mpaka mama mupishi akafikiri ni nyoka. "Wenzake wanaikataa." Régina, ni saa! Ndani ya mashini kuna batri ndogo kama kifungo cha shati. Kazi yake ni kukumbuka siku wakati umeme umekatika. Hiyo batri imekufa. Mvua ilipoua mashini, iliamka ikiwa imesahau, ikafikiri ni 2012. Ikapiga hodi kwa wenzake ikiwaambia, "Leo ni Januari ya 2012." Wao wakaona huyu ni mwizi ao ni kichaa, wakafunga mulango. Rezo haina kosa. Kikapu hakina kosa. Ugonjwa uliuandika mwenyewe juu kabisa ya barua, na mimi nikausoma kama talaka!

Fanya hivi. Gusa ile saa ya ku kona. Itakuonyesha siku, mwezi na mwaka, kila kimoja ndani ya sanduku lake. Weka ya leo, na saa vilevile, kama ya telefone. Kubali. Halafu funga portefeye, uifungue tena, ungoje. Kila mara mashini ikikufa, ukiiwasha uiambie siku kwanza, mbele haijapiga hodi kwa mutu. Na kikapu kibakie pale juu, usikishushe, hata mega zikiwa kidogo ni bora kuliko kukatakata. Mashini usiiweke karibu na jiko, moshi unaingia ndani. Pano iangalie mashariki asubuhi, saa sita uigeuze.

Ile ya tarehe 5 nimesikia. Umuombe mujomba angoje kidogo. Siwezi kuingia kwenu mikono mitupu, Régina, uelewe. Ikifika mia nakuja na vyote. Usizime hata kidogo sasa.

Busu kwa mutoto.

Christophe


Kasongo, 22 Oktoba 2023
Muunganisho 8. Imesoma 63 kwa mia.

Christophe,

Umeona juu hapo. Nane. Niliweka siku, mwezi, mwaka, nikafunga, nikafungua, nikangoja nikimubembeleza mutoto. Mumoja akaja. Halafu watatu pamoja. Nilipiga kelele mama akatoka na mwiko. Tukasimama wawili mbele ya mashini kama watu wanapokea wageni ku mulango, tunahesabu: huyo mwingine, huyo mwingine. Mama akawapigia makofi. Akauliza, "Hawa wanakula nini?"

Sasa inapanda yenyewe, polepole lakini haisimami. Roger nilimutumia habari, akasema atawaeleza watu kama ni yeye aliigundua.

Sasa nisikilize na wewe.

Barua yako ilikuwa na ukurasa muzima. Pano ielekee wapi, moshi, kikapu, batri kama kifungo. Mutoto alipata maneno matatu. Nilihesabu, juu nilikuwa na wakati, alikuwa amenilalia mukono sikuweza kusimama. Mashini inapanda, nawe unataka kujua imefika wapi. Na huyu anapanda, hukuuliza. Basi nikunakilie bila kusahihisha: anageuka mwenyewe sasa, kutoka tumbo kwenda mugongo, na akifika anashangaa kama aliyeshuka pikipiki muji mugeni. Anacheka na mama, anacheka na kuku. Ukiita Mega anageuza kichwa. Umenisikia, Christophe? Anageuza kichwa. Mutoto anangoja jina, na asipoitwa na baba atamujibu yeyote.

Unasema mujomba angoje. Mujomba hana ubaya. Anaona binti yao nyuma ya mianzi na hakuna mutu anayekuja, angefanya nini? Ningekuwa mimi ni yeye, ningeita wazee mapema.

Unasema mikono mitupu. Nilikuwa nakusubiri pale. Mama amekwisha kufikiri, na mimi nilimukatalia, akanifukuza jikoni. Mbuzi wake, yule wa madoa, atatoka hapa kwetu Ijumaa kabla ya tarehe 5. Mama ya Abdoul atamufunga kwake, pale muji unaanzia. Wewe ukifika unamushika kamba, unapita naye barabara kubwa, unapita mbele ya wauza samaki taratibu wamuone vizuri, unaingia. Mujomba hajui sura za mbuzi. Mama anasema mbuzi ni mbuzi, na sikio la mutoto halingoji soko. Vikwembe utadaiwa mpaka mashini ifunguke, na hiyo nitawaeleza wazee mimi mwenyewe. Mudomo ninao.

Lakini mama hatamwambia mutu kama mbuzi ni wake, na wewe usimushukuru mbele ya watu. Atakufa na hiyo siri akiwa anacheka peke yake.

Sitakuandikia tena imefika ngapi kwa mia. Hiyo ya juu ni ya mwisho. Ile mashini ilipiga hodi mwezi muzima, rezo imejaa, wenzake wako tayari, na kilichokosekana ni kujua tu leo ni siku gani. Niliiambia. Na wewe nakuambia: Jumapili ni tarehe 5. Ukiniandikia tena "ikifika mia", barua nitamurudishia Abdoul bila kufungua, na nitamuogesha mutoto, nitamuvalisha, nitakaa naye ku mukeka mbele ya wazee, na nitamuacha mujomba ainame.

Nakupenda. Nisingekupenda nisingeweka mwanzi juu ya nyumba.

Njoo na viatu vyako.

Régina


Salamabila, 30 Oktoba 2023

Mama Mutoto,

Bidoni nimezirudisha. Mama mupishi alinifungia mihogo ya njia na akanitukana kidogo, akasema nilichelewa kwenda. Abdoul anatangulia na barua hii. Kiti chake kimejaa mizigo ya watu, mimi nafuata kwa muguu mpaka Wamaza, kule nitapata pikipiki nyingine.

Yule mbuzi wa madoa namujua, na yeye ananijua. Nilimufukuza ku mihogo mara nyingi. Naogopa akiona nyumba atanikimbia aingie zizini mwake mwenyewe, wazee wote wanaangalia. Nitamushika kamba fupi.

Mashini izime. Pano ipumzike, na wewe ulale ukiwa umelala. Siku tutaiwasha itakuwa imesahau mwaka tena, lakini wewe unajua kuiambia.

Jina niko nalo. Nitalisema njia nzima nisilipoteze.

Usijibu barua hii. Jibu halitanikuta huku.

Baba yake